Tangazo la Kufuta

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi, na wale majambazi wako wawili wanaonipigia simu na kukata. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima, na kwamba goti lako limeacha kulalamika kila unapopanda ile kreni. Mimi huku mwili hauna neno, chakula kinapita, kazi ipo. Kinachoniuma si cha mwili, ndiyo maana nimeamua kukuandikia kwa mkono badala ya kukupigia. Kwenye simu ungeninyamazia tu, na mimi ningegeuza maneno katikati, kama unavyonijua.

Barua yako imefika, pamoja na ule mchoro wa fundi wa mawe. Umeniomba nihakikishe kila neno kabla hajaanza kuchonga jiwe la kaburi la Baba Jumamosi ijayo, maana nyundo ikishapiga hakuna kurudi nyuma. Nimeukunja na kuukunjua mchoro huo mpaka karatasi imeanza kuchanika. Jina liko sawa. Tarehe ziko sawa. Kuhusu mstari wa chini, ule wa "Sina kinyongo na mwanangu", nivumilie kidogo. Nitaufikia, lakini lazima nianzie kazini, kwa jambo lililonipata wiki iliyopita. Bila jambo hilo nisingepata ujasiri wa kuandika haya.

Najua ukiulizwa mdogo wako anafanya kazi gani unasema anaangalia nyota, na watu wanadhani napiga ramli. Acha nikueleze vizuri, kwa mara ya kwanza, ili usije ukanihukumu kwa kesi usiyoijua. Huko mbali, mbali kiasi kwamba nikikuandikia sifuri zake utadhani wanao wamechezea kalamu, nyota kubwa ikifa hutoa mlipuko wa miale ya gama. Ni sekunde chache tu, basi. Setilaiti moja huunasa na kutupigia kengele kwenye simu. Mlipuko wenyewe hatuuwahi kamwe. Tunachokimbilia ni mng'ao unaobaki nyuma yake, unaofifia saa baada ya saa. Ni kama kuingia chumbani ukagusa kiti: mtu keshaondoka, lakini kiti bado kina joto lake.

Kengele ikilia, mtu wa zamu ana robo saa ya kuamua kama ile darubini kubwa iliyoko angani ikatizwe, iache ilichokuwa inatazama, igeuzwe kuelekea kule. Nafasi za kuikatiza ni chache kwa mwaka. Ukiichezea moja, wenzako watakuchukia kwa adabu. Ukisita, mng'ao umezimika na hakuna atakayeuona tena. Wanaosema haraka haraka haina baraka hawajawahi kushika zamu kwetu.

Basi Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, kengele ililia na zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa kwenye kile chumba chetu cha zamu chenye kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, pamoja na fundi anayeandika amri za darubini. Huyo tunamwita Chapchap, kwa kuwa hata kobe angemwambia ajitahidi. Nikaamua tugeuze. Chapchap akaandika amri zake herufi kwa herufi, na kesho yake asubuhi picha zikashuka. Pale tulipopatarajia palikuwa na nukta ndogo ambayo haikuwepo kwenye picha za zamani. Katika kila picha iliyofuata ilikuwa imefifia zaidi kidogo, kama inavyotakiwa. Kaka, nilipiga kelele. Chapchap alizunguka na kiti chake chenye magurudumu mpaka akagonga ndoo. Sikungoja hata chai, nikaandika tangazo kwa watazamaji wote duniani kwamba tumeuona mng'ao, uko hapa, geuzeni vyombo vyenu.

Na wakageuza. Vituo viwili viliacha kazi zao kwa neno langu.

Bosi wetu ni mama mmoja mpole tunayemwita Hakimu, kwa sababu hata ukimwambia nje kuna mvua atauliza ushahidi uko wapi. Alikuja akaniomba nizipange picha zangu moja baada ya nyingine. Sasa, ujue kwamba kila tunapopiga picha tunaisogeza darubini kiduchu tu, kwa makusudi. Kitu cha kweli hubaki na jirani zake, nyota zilezile upande uleule. Nukta yangu haikubaki na jirani zake. Ilikuwa inasogea pamoja na kamera. Unakumbuka ulivyokuwa ukinipora miwani yangu na kuivaa ili kunitania? Uchafu wa kioo ulikufuata popote ulipogeuza shingo. Ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya kugeuzwa, kamera ile ilikuwa imeikodolea macho nyota moja kali mno kwa ajili ya watafiti wengine, na kamera za namna ile hazisahau upesi. Alama ya nyota ile ilibaki ndani yake, ikawa inafifia taratibu, sawasawa na mng'ao ninaoutafuta. Sisi tunauita mzuka. Haupo angani, umo ndani ya jicho lenyewe. Kuuliza kamera ilikuwa inatazama nini kabla ndilo somo la kwanza tunalowapa wageni, na somo hilo huwa nalifundisha mimi. Siku ile sikuuliza, kwa sababu nilitaka sana nione.

Hakimu hakunifokea. Heri angenifokea. Alisema kukosea si aibu, kila mtu mle ndani ana mzuka wake. Aibu ni kuwaacha watu waendelee kukodolea macho mahali pasipo kitu kwa sababu wewe umenyamaza. Akanielekeza niandike tangazo la kufuta, kwa mkono wangu na kwa jina langu, bila kumtaja Chapchap wala kiyoyozi. Kwetu tangazo hilo lina desturi yake: unasema ulisema nini, unasema kwa nini si kweli, unafuta. Mistari minne. Nililituma kabla ya saa sita. Nikashangaa kwamba sikufa, na mchana nilikula vizuri.

Siku iliyofuata ndipo barua yako ikafika. Nilikaa jikoni na ule mchoro, nikaelewa kwamba nina tangazo jingine, la miaka miwili, ambalo sijalifuta.

Kaka, nisikilize. Siku aliyofariki Baba nilikuwa zamu. Kengele ililia saa tano asubuhi. Dakika tano baadaye, nikiwa ndani ya ile robo saa yangu, simu ililia tena, na safari hii kiooni palikuwa pameandikwa Baba. Sitakwambia sikusikia. Nilisikia, nikaona jina, nikaikata. Nikajisemea robo saa tu, nitampigia. Robo saa ikazaa amri, amri zikazaa kikao, kikao kikazaa saa tatu na zaidi. Nilipompigia, saa nane na nusu, alipokea yule kinyozi wa mlango wa pili, akilia. Alikuwa amemkuta Baba ameinamia cherehani, mkono wa shati la mteja bado uko chini ya sindano.

Ule mng'ao tuliupata, na ulikuwa wa kweli. Ndio ulionipa jina. Picha yake imetiwa fremu, imetundikwa kwenye ukumbi wa kwenda msalani, na kila siku napita pale nikitazama viatu vyangu.

Jioni ile ulinipigia ukiwa dukani kwa Baba. Kinyozi alikuwa amekuonyesha simu ya Baba, kwamba mtu wa mwisho kupigiwa nilikuwa mimi, sekunde arobaini. Wewe ulikuwa na miaka sita hujasema naye, tangu ulipomwambia mbele ya wateja wake kwamba hutazeeka na pini mdomoni kama yeye, ukachukua begi ukaondoka. Ukaniuliza amesema nini. Kisha ukauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako kabla wala baada, kama hakusema lolote kuhusu wewe. Nikakujibu kwamba alisema nikwambie hana kinyongo nawe.

Hakusema hivyo. Sikuzungumza naye kabisa. Maneno yale niliyatunga mimi, nimesimama kwenye maegesho ya magari ya kazini, kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuchagua nyanya.

Nimeona yalivyokufanyia. Nilikuona siku ya maziko ukiweka kiganja juu ya cherehani chake na kukiacha pale. Wifi ameniambia kwamba tangu siku ile umeacha kuweweseka usingizini. Kila aliponiambia hivyo nilishukuru na kumeza jiwe. Nilijidanganya kwamba nilikuhurumia, na huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba nilisema uongo ili usiniulize kwa nini sikupokea.

Na bado sijamaliza. Zile sekunde arobaini zilikuwa za kweli. Simu yangu ya wakati ule ilikuwa na kirekodi chake, mtu akikosa kupokelewa anaacha sauti. Sikukumbuka mpaka niliporudi huku baada ya maziko. Simu hiyo imo kwenye droo ya jikoni, imechomekwa kwenye chaji kwa miaka miwili, kwa kuwa sauti ile haipo mahali pengine popote na ninaogopa ikizima haitawaka. Taa yake nyekundu inaonekana kwenye ufa wa droo. Nikila naiona. Nikiosha vyombo naiona. Na kazini, kengele yoyote ikilia, kabla sijatazama kioo naliona neno Baba. Sio mara mojamoja, kaka. Kila mara.

Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno, sikuongeza wala kupunguza. Ana pini mdomoni, unamjua, lakini kila neno linasikika, kuanzia lile jina alilozoea kuniita: "Miwani. Baba hapa. Naona umebanwa. Nitumie namba ya kaka yako, ile mpya. Leo, usichelewe." Basi. Kisha hakukata. Aliweka simu mezani akaendelea na kazi, na sehemu yote iliyobaki ni cherehani tu.

Alikuwa anakutafuta. Kwa nini, sijui. Pengine alitaka kukusamehe. Pengine alitaka kukupasha mpaka masikio yawake moto. Pengine alitaka kujua kiuno chako kimeongezeka inchi ngapi. Katika miaka sita hakuwahi kuniomba namba yako, na siku ile aliiomba, na akasema leo. Hiyo ndiyo picha niliyonayo, na ni moja tu, na picha moja haitoshi kusema zaidi. Nimeusikiliza ule mlio wa cherehani mara nyingi nikitafuta kitu ndani yake. Ni cherehani.

Ninalolijua kwa hakika ni hili: ningepokea, angekuwa na namba yako kabla dakika haijaisha, na alikuwa na muda. Ungekuwa na maneno yake mwenyewe, matamu au machungu, badala ya yangu. Hilo ndilo nililokunyima, na hakuna mistari minne inayoweza kulirudisha. Maji yamekwisha kumwagika.

Hata hivyo naiandika, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Nilikwambia kwamba Baba alisema hana kinyongo nawe. Si kweli, sikuzungumza naye siku ile. Nayafuta maneno hayo. Kosa ni langu peke yangu.

Mwambie fundi wa mawe asiuchonge mstari wa chini. Uamuzi wa kuweka maneno mengine au kuacha jiwe tupu ni wako, mimi sina tena haki ya kuhakikisha neno lolote. Ukinikasirikia, ni haki yako, na sitatuma mtu wa kuniombea. Ukinyamaza miaka sita, nitajua umetoka kwa nani. Lakini nitakuwa napokea. Simu yangu ikilia kwa jina lako, hata nyota zote zife kwa mkupuo, nitapokea.

Kifurushi kilicholeta barua hii kina simu yangu ile ya zamani pamoja na chaji yake. Ichomeke kwanza, ndipo uisikilize. Nimemwomba wifi awe karibu nawe bila kumweleza ni kwa nini, kwa hiyo usimgombeze. Mpe salamu zangu, wabusu wale majambazi, na goti ulipake dawa kama daktari alivyokuagiza, si mpaka likuume.

Jambo la mwisho. Uliandika kwamba simu ya Baba uliitia kwenye droo pamoja na futi yake ya ushonaji, bila kuifungua wala kuitazama. Siku ile niliposikiliza sauti yake, simu hiyo ilikuwa bado haijaisha chaji, na mimi, sijui nilikuwa nafikiri nini, nilimtumia alichoniomba. Simu yangu ilinionyesha kwamba ujumbe umefika. Siku ukiwa na moyo wa kuiwasha, utakuta ujumbe wangu mmoja ambao haujasomwa. Hauna salamu. Ni namba yako tu.

Mdogo wako,
Miwani