Wakija Kuniposa Tena

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia na unalala vizuri. Mimi huku Maskati ni mzima, ila joto linatupika sisi pamoja na vyakula vyetu hotelini. Barua hii isome peke yako kwanza, maana kuna wageni wanakuja kwako.

Kila Alhamisi tunapika chakula cha Kuba, na mpishi wetu mkuu, Mercedes, ambaye kwao ni huko, siku hizi ananiachia jiko. Alhamisi iliyopita nilikuwa nakata parachichi, Otieno mhudumu akaingia.

"Sista, meza ya dirishani kuna Mbongo mwenzako. Kujisifu tu, hata chakula hajaagiza."

Nikachungulia. Alikuwa Gerald.

Gerald yule yule, Mama, ambaye hakunitetea shangazi yake alipotema nyama yangu mbele ya ukoo wao, siku nilipoitwa kuwapikia kabla ya ndoa. "Ngumu kama kandambili! Sasa mtatafuna digrii yake?" Walicheka wote. Gerald naye alicheka, nilimwona. Haikupita wiki, uchumba ukavunjwa.

Ningeweza kumjazia chumvi. Sikutaka. Nilitaka apende. Alipoagiza steki, nikamchagulia iliyo nzuri kuliko zote: nilikuwa nimeiponda mwenyewe ikawa nyembamba, ikashinda kwenye maji ya ndimu, kitunguu saumu na binzari nyembamba. Nikaikaanga upesi kwenye moto mkali, nikaifunika kwa vitunguu. Kando nikaweka saladi ya parachichi, nyanya na majani mabichi. Divai nikamchagulia mimi pia, nyekundu nyepesi, iliyopozwa kidogo, maana nzito ingeua ladha ya ndimu. Usigune, Mama, ni kazi.

Alimaliza yote, akaomba kumwona mpishi. Nilipotoka na koti langu jeupe, alisahau kumeza divai iliyokuwa mdomoni.

"Rehema? Wewe ndiye umepika hii?"

"Imelainika?"

"Sana! Aisee, umekuwa mtu mwingine. Umeolewa?"

"Bado."

"Basi nimtume mshenga kwa mama?"

Nikatabasamu. "Mtume. Na shangazi aje naye."

Anaamini nimekubali. Ndiyo maana nakuandikia haraka. Wakifika, wakaribishe vizuri. Waketi, waeleze shida yao mpaka mwisho, shangazi akiwa hapo hapo. Kisha baba mdogo, kwa kuwa ndiye anayesimama mahali pa marehemu baba, awaambie hapana. Asitoe sababu. Asiseme tutafikiria. Najua utaniuliza kama sina huruma. Nimejichunguza, Mama, nimeitafuta kwa uaminifu kabisa. Nilichokuta ni furaha, na siionei aibu.

Msalimie baba mdogo, mwambie namtegemea. Msalimie bibi, ila yeye usimweleze, atawaombea. Dada Upendo wa dukani msimulie yote, acheke kwa niaba yangu.

Na wewe, najua moyo wako ulivyo mwepesi. Ukimwonea huruma Gerald, mwonee wakishaondoka.

Bintiyo akupendaye,
Rehema