Ondoa Watu Mia Tatu Sabini na Watatu

Nyumba Na. 14, Barabara ya Juu,
Kijiji cha Gorno Sivkovo,
Kardjali, Bulgaria.
26 Machi 2019

Mpendwa mwanangu Lachezar,

Nakusalimu kutoka katika nyumba aliyozaliwa baba yako, mdogo wangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Vesela na watoto, na kwamba baridi ya Kanada imeanza kulegea. Yavor amepona kifua? Mlinieleza kwenye simu wakati wa mwaka mpya kwamba anakohoa, na tangu hapo sijasikia tena. Usinifiche habari za watoto eti kwa kuwa mimi ni mzee.

Mimi afya yangu ni ya kuazima. Miguu imevimba na mapafu yanajaa maji. Daktari wa mjini, kijana mwenye adabu, amenishauri nisipange mambo yoyote ya baada ya msimu wa cheri. Nina miaka themanini na mitano, kwa hiyo silalamiki. Naandika aya moja, napumzika, naandika nyingine. Usishangae wino ukibadilika rangi njiani.

Kifurushi chako kilifika mwisho wa Februari. Kwa soksi za sufu, ahsante sana. Kwa kitabu chako cha ukoo, sikushukuru.

Umeniomba nikuandikie dibaji, kama mzee wa ukoo na kama mwalimu wa historia. Nimekisoma mara mbili. Ukurasa wa kwanza umeweka simba mwenye taji, na chini yake umeandika kwamba jina la Chuvaljiev linatokana na mtukufu mmoja aliyelinda hazina ya mfalme. Nani kakwambia? Tovuti. Hiyo tovuti wewe ukiiuliza inakupa simba, na jirani yako akiiuliza inampa simba yuleyule.

Babu wa babu yangu alishona magunia. Aliketi sakafuni na sindano ndefu kuliko kiganja, akashona magunia ya singa za mbuzi kwa ajili ya wakulima wa tumbaku, na mgongo wake ulipinda akiwa hajafika miaka arobaini. Chuval ni gunia, na neno lenyewe ni la Kituruki, kama yalivyo majina ya nusu ya mafundi wa nchi hii. Sioni aibu yoyote. Gunia likishonwa vizuri halimwagi. Ila hilo la Kituruki likumbuke, maana nitalirudia.

Simba ningekusamehe. Nisichoweza kukusamehe ni ule mchoro wa takwimu katika ukurasa wa tisa. Sensa ya 1975, wenye jina letu watu 58. Sensa ya 1985, watu 431. Sensa ya 1992, watu 61. Na pale juu kabisa mstari ulipopanda kama mlima, umeandika kwa herufi nene: "Kilele cha ukoo wetu, kabla uhamiaji haujatutawanya."

Lachezar, wewe ni mhandisi. Watu wanapita juu ya madaraja uliyoyapigia hesabu. Hebu nieleze ni matumbo gani yaliyozaa watu mia tatu sabini na watatu kwa miaka kumi, na wengine wao wakazaliwa tayari wana wajukuu na meno ya dhahabu? Hukujiuliza? Uliona namba inakupendeza, ukaipamba.

Hawakuzaliwa. Niliwaandika mimi.

Wewe wakati huo ulikuwa na miaka kumi na miwili, mkiishi mjini Plovdiv, na wazazi wako hawakukusimulia. Desemba 1984 serikali iliamua kwamba nchi hii haina Waturuki, ina Wabulgaria tu waliosahau majina yao. Askari wakavizunguka vijiji vyetu, theluji ikifika magotini, na watu wakaletwa familia kwa familia katika ukumbi wa halmashauri, waingie na jina moja watoke na jingine. Mimi niliwekwa mezani kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Sikushikiwa bunduki, na hilo nataka ulijue. Mwenzangu aliyefundisha hesabu alisema mgongo unamuuma, akalala kitandani siku zote sita. Hawakumfanya chochote isipokuwa kumhamisha shule. Mgongo wangu mimi ulikuwa mzima.

Kulikuwa na orodha ya majina yaliyoruhusiwa. Wengi walichagua huku wakitazama sakafu, kama mtu anayechagua jeneza. Waliokataa kuchagua, niliagizwa niwaandikie jina lolote. Nikawaandikia langu. Tulipita vijiji vitatu, na kila mkaidi nilimfanya Chuvaljiev.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ile ilikuwa huruma, kwamba niliwafunika kwa blanketi la nyumba yangu. Uongo mtupu. Niliandika Chuvaljiev kwa sababu mkono ulilizoea na foleni ilikuwa ndefu. Siku ya pili mwenyekiti wa halmashauri alichungulia daftari langu, akasema, "Mwalimu, ukoo wako unanenepa kama nguruwe wa kuchinjwa Desemba." Meza nzima ikacheka. Watu wale wamesimama mbele yetu na watoto wao mikononi, nasi tunacheka. Mimi nilicheka pia, na nilicheka kwa sauti. Na tazama upumbavu ulivyo na miguu mirefu: tuliwanyang'anya watu majina ya Kituruki, tukawavika jina la Kituruki.

Siku ya tatu akaingia Mestan. Humkumbuki. Alikuwa mwashi, na ndiye aliyejenga ukuta wa nyumba hii na nguzo mbili za lango ulizokuwa ukizipanda kila kiangazi. Jina lake kamili lilikuwa Mestan Raif Salim, lake, la baba yake na la babu yake. Nilimsogezea orodha. Hakuitazama hata kidogo.

"Jina ninalo, Mwalimu," alisema. "Ukiona halitoshi, andika la kwako."

Nikaliandika. Mestan akawa Metodi. Baba yake Raif, aliyekuwa kaburini miaka ishirini, naye nikambadilisha akawa Rangel, kwa kuwa fomu ilitaka hata wafu wawe safi. Na babu yake Salim nikamfuta, nikaweka Chuvaljiev. Mestan alichukua kitambulisho, akakitia mfukoni bila kukisoma, akaniambia ukuta wangu wa kaskazini una ufa, niuzibe kabla barafu haijaingia. Halafu akatoka.

Sasa nikueleze jingine, maana najua unaamini kwamba mimi na baba yako tuliacha kuzungumza kwa ajili ya shamba la mizabibu. Si shamba. Manol, baba yako, alikuja hapa Januari ya 1985, akasimama jikoni na koti lake, hakukaa. Alisema, "Umemgawa baba yetu kwa watu bila kumwuliza yeye wala wao." Nilimwambia anyamaze, kuta zina masikio. Alinyamaza kweli. Alininyamazia mpaka nikamzika. Mizabibu niliitaja mimi, watu wapate cha kusema.

Mestan alifariki tarehe 11 Machi 1988, moyo ulisimama akiwa juu ya ngazi. Cheti kilimwita Metodi Chuvaljiev. Unazijua karatasi zetu za msiba, zenye picha na jina la marehemu, zinazobandikwa kwenye lango la nyumba yake, dukani, kituo cha basi na kwenye malango ya ndugu zake, mwaka hadi mwaka. Kesho yake asubuhi nilimkuta mkewe, Nazife, kwenye lango langu na kopo la gundi ya unga, anabandika. Nilimwuliza anafanya nini.

"Nabandika kwa ndugu wa marehemu," alinijibu. "Si ulimwandika kwenu wewe? Basi msiba ni wa kwenu."

Aliposhika njia niliichana. Mwaka uliofuata aliibandika tena, nami nikaichana tena. Kiangazi cha 1989 walipofukuzwa maelfu kwenda Uturuki, watoto wake waliondoka hadi Bursa; yeye alibaki na kaburi. Mwaka 1990 sheria iliwarudishia watu majina yao, naye akawa Nazife tena, ila alipoomba na la mumewe lirudishwe, karani alimwambia kwamba sheria inazungumzia walio hai, na kwa maiti atahitaji shahidi wa yale yaliyofanyika. Akaja kwangu. Aliniomba maandishi, mistari mitatu tu ya kusema ni nani aliliandika jina lile na vipi. Nilimwambia nitafikiri. Nilikuwa bado nafundisha, nilikuwa na pensheni ya kungojea na heshima ya kulinda. Alinitazama akasema, "Fikiri, Mwalimu. Mimi nitakuwa nakukumbusha." Na amenikumbusha kila tarehe 11 Machi. Karatasi ileile, ukingo wa kijani wa Kiislamu, uso wa Mestan, na jina langu chini yake.

Mara thelathini na moja nimemchana yule mwanaume usoni, kwenye nguzo aliyoijenga mwenyewe.

Kisha ukaniletea kitabu. Niliposoma "kilele cha ukoo wetu" nilitaka kukutukana, na karatasi ya kukutukania nilishaitoa. Halafu nikaona kwamba wewe hukubuni lolote. Umeusoma tu mwandiko wangu, ukauamini, kama nilivyowafundisha watoto wa nchi hii kuamini kila kilichoandikwa vizuri.

Wiki mbili zilizopita, tarehe 11, Nazife alikuja. Ana miaka themanini, anatembelea fimbo. Nilimwona kupitia dirisha anahangaika, mkono haufiki juu. Nilitoka na viatu vya ndani. Hakushtuka. Alisema, "Shika huko juu, mimi sifiki." Nikaishika pembe ya karatasi mpaka gundi ikakamata. Ilikuwa mara ya kwanza kuutazama uso ule bila kuuharibu. Amevaa fulana ya sufu, amekunja uso kwa jua, ni kijana kuliko wewe sasa.

Nilimkaribisha ndani. Akasema hakuja kunywa kahawa. Nikamwambia nitaandika.

"Miaka yote hii, Mwalimu," alisema. "Kalamu ilikuwa imepotea?"

Niliandika siku hiyohiyo, nikasaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji, akagonga muhuri. Nazife ameyapeleka maandishi hayo mahakamani. Sijui hakimu atasema nini, na sina muda wa kumngoja.

Nakala yake imo katika bahasha hii. Inasema hivi: mimi, Nedelcho Chuvaljiev, mwalimu mstaafu, niliandika kwa mkono wangu, katika vijiji vitatu, jina la ukoo wangu juu ya watu mia tatu sabini na watatu ambao hawakuliomba wala kulikubali, mmoja wao anaitwa Mestan Raif Salim, na hakuwahi kuitwa vinginevyo. Nakala hiyo utaiweka pale ulipotaka dibaji yangu. Simba mtoe. Mlima wako ule wa takwimu usiufute, uache kama ulivyo, ila chini yake andika ulivyojengwa na nani aliujenga. Utaniambia wajukuu wataona aibu. Waone. Mimi nimewawekea aibu hiyo, wasiirithi bila kujua ni ya nini. Ukishindwa kufanya hivyo, basi kichome kitabu chote, na usimwambie mtu kwamba mimi ni baba yako mkubwa. Sisemi haya kwa hasira ya mgonjwa. Nimeyasoma tena asubuhi na nimeyaacha yalivyo.

Jumatano Nazife alibandika karatasi mpya. Hakungoja mahakama. Nilimfuata kwa macho: lango lake, msikitini, dukani, kituo cha basi. Ukingo wa kijani, uso uleule, na chini yake Mestan Raif Salim. Nilikwisha kufuta nguzo yangu kwa kitambaa cha maji, nikasimama kando yake nikingoja. Alipita na kopo lake la gundi, akaniitikia salamu, akaenda zake. Alikuwa na haki. Karatasi inabandikwa kwa ndugu.

Nisalimie Vesela, na umwambie soksi zinanitosha hata miguu ikiwa hivi. Msalimie Yavor na dada yake. Shangazi yako Zlata anawasalimu. Amenifungia uzi mwekundu na mweupe wa Machi, ule wa kuombea afya, mkononi kama mtoto, na sitaufungua mpaka nimwone korongo wa kwanza akirudi baada ya baridi. Mungu awape mkate usiokauka, na awaepushe na mwandiko mzuri.

Tulio Chuvaljiev wa kweli, hapa na huko nje, nimetuhesabu kwa majina, mmoja mmoja. Tumebaki arobaini na wanne. Iandike namba hiyo. Baada ya cheri, andika arobaini na watatu.

Baba yako mkubwa, akupendaye hata anapokufokea,

Nedelcho