Minyoo ya mu lupango ya mama yako

Ruashi, Lubumbashi
Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 2024

Mpendwa bwana yangu mudogo Ephraïm,

Jambo yako. Habari ya Johannesburg? Unalala muzuri? Unakula bukari ao bado ni mikate tu kama mugonjwa? Bibi yako Sephora na katoto David, habari yabo? Sisi hapa Mungu anatulinda. Mimi kambo yako, mama ya mama yako, niko, lakini nimechoka. Asubuhi ninakaa ku kitanda, naomba Mungu, kiisha naomba magoti, na Mungu njo anajibu mbele.

Mudogo yako Benita alitaka aniandikie hii barua, nikakatala. Iko na maandiko muzuri, lakini ataweka sukari mu maneno yangu. Mwaba, ule chauffeur wa njia ya Johannesburg, anaondoka na kamyo yake kesho, atakuletea. Ku telefone siwezi kukuambia kintu: kila nikianza kukugombeza, réseau inakufa. Karatasi haina réseau. Kaa chini usome.

Pavés yako, ile mawe ya kutandika chini, ilifika. Baliishusha ku mulango, bantu ya avenue yote bakatoka kuangalia. Lucien, mujomba yako, anatembea pale mikono mu mifuko sawa ni yeye aliinunua. Anasema unataka lupango, kiwanja yote ya nyumba, ifunikwe mbele ya siku ya kutosha kilio ya mama yako, kumaliza matanga, mwezi wa pili, juu bantu bakae fasi ya kupendeza, viatu yabo isishike matope. Aksanti kwa moyo yako. Nimeshukuru. Sasa sikia.

Haukukuya ku kilio. Sisemi ni kosa yako, makaratasi ya safari njo ilikukatala. Lakini juu haukukuya, haujue lupango ilibaki namna gani. Bantu balijaa. Bâche ya kivuli, viti, moto, masufuria, mayi ya kuosha sahani. Balikanyaga plate-bande yote ya mama yako: lengalenga, matembele, ngai-ngai. Na nani ataambia muntu anayelia, tosha muguu yako ku mboga? Balipoenda, bulongo ilikuwa nguvu kama ya ku arrêt ya bus. Nikatia jembe, jembe ikalia. Mukono ikaniuma mpaka ku shingo. Nikasema basi, mutoto yangu Angélique amekwenda na jardin yake ya mboga.

Nikaiacha. Kiangazi yote sikugusa pale. Ni Benita tu alikuwa analeta majani kavu na maganda ya ndizi, anatupa juu ya ile bulongo, anamwanga mayi. Mimi nafagia, yeye anachafua. Nikamugombeza: weye, université ya Kasapa njo inakufundisha kutupa takataka mbele ya nyumba ya kilio? Akanijibu: "Kambo, niko nalisha bale habayazaliwa bado." Nikafikiri kilio imemupanda mu kichwa. Nikamupikia chai ya nguvu.

Mvula ikaanza, akaniita. Akafungua bulongo na kidole, hapana na jembe. Akanionyesha kintu kidogo kama mbegu ya mutama, umbo ya ndimu, rangi ya chai. "Kambo, ni yai ya munyoo." Nikamuambia munyoo haina mayai, inatoka mu matope na mvula, kila muntu anajua. Akacheka. Mimi, nimelima tangu mu mugini yetu Mitwaba, nikachekwa mu lupango yangu!

Lakini asubuhi moja, nilikuwa naenda ku choo, nikabaona bale minyoo na macho yangu. Sasa nikuambie, na usione haya, uko mukubwa. Munyoo moja iko mwanaume na mwanamuke mu mwili moja. Lakini peke yake haiwezi, inatafuta mwenzake. Bulongo ikilowa, banalala mbili, kichwa ya huyu ku upande wa mukia ya mwenzake, bananatana, banapeana. Bakiachana, bote mbili bako na mayai ya kuzala. Bote mbili, Ephraïm! Kule hakuna mwanaume wa kusema ile mimba haiko yangu. Hakuna wa kukimbilia Johannesburg.

Kiisha, Benita njo alinifundisha, ile mukaba munene unaona karibu na kichwa ya munyoo mukubwa, njo inatosha ute, ute inakuwa sawa pete. Munyoo inajivuta nyuma, inavua ile pete ku kichwa vile weye unavua tricot. Pete inabaki mu bulongo, inajifunga pande zote. Njo yai yenyewe. Ndani munatoka katoto kamoja, mara ingine mbili tatu, tweupe kama uzi. Hakuna wa kutunyonyesha. Baba na mama, sijue tena nani ni nani, bamekwenda kula majani.

Na bulongo ikikauka, yai inangojea. Hapo njo niliacha kufagia pale. Bantu balikanyaga, moto iliwaka, kiangazi ilipita. Minyoo mikubwa ilikufa ao ilikimbilia chini. Lakini mayai ilikuwa pale wakati yote, inangojea mvula, na mimi nilikuwa napita juu yake na fagio.

Sasa ile minyoo banalima mu fasi yangu. Mashimo yabo inaingiza mayi. Mavi yabo, ndiyo, nimeandika mavi, njo mbolea. Mimi sina tena nguvu ya jembe, na Benita iko na masomo. Bale njo mikono yangu. Lengalenga imefika ku goti, na juzi tulikula ya kwanza na fretin, tule tusamaki tukavu.

Jirani yetu Guelor aliposikia, akaniomba minyoo, akaikata na kisu, vipande viwili viwili, juu iongezeke. Nikamuuliza: "Guelor, na kuku yako unaikataka katikati juu ikuwe mbili?" Kesho yake nyumba yake ilikuwa inanuka. Alikuya kuniomba ingine. Nilimupa, lakini nilimugombeza mbele.

Sasa tufike ku mawe yako. Lucien anasema tunyoo tutaishi chini ya pavés, kule ni baridi. Nikamuuliza: batakula nini, muchanga yako? Majani haitaanguka tena ku bulongo. Mvula itakimbilia kwa jirani. Fasi kavu, nguvu, hakuna kulala pamoja, hakuna yai. Bale ya leo batakufa, na hapatakuwa kintu cha kungojea. Akasema: "Mama, Ephraïm atakasirika." Nikamujibu: "Akasirike. Mimi njo nilimuosha matako."

Maçon, fundi ya mawe, anakuya lundi inayokuya, juma ikianza. Ataweka pavés kutoka ku mulango ya barabara mpaka ku mulango ya nyumba, na fasi ya robinet ya mayi. Ile itabaki, Lucien apeleke kwake, si anaipenda. Siku ya kutosha kilio tutafunga bâche ku avenue kama bantu bote ya Ruashi. Plate-bande ya mama yako tutaizungusha kamba, na mimi nitakaa pale na fimbo. Nimemaliza.

Bwana yangu, ninajua kwa nini ulituma ile mawe. Siku ya kuzika, kila muntu alishika bulongo, akatupa ndani. Mukono yako haikukuwa pale. Tangu siku ile unatafuta kintu cha kufanya. Lakini mawe haiwezi kushika fasi ya mukono.

Plate-bande ya mwisho, karibu na mulango ya cuisine, kule tunapika, sikuipanda. Benita anailisha majani. Mbegu ya ngai-ngai mama yako aliacha iko mu kopo, juu ya kabati. Kuya mwezi wa pili. Utainama, utafungua bulongo na vidole, polepole, juu ya mayai, utapanda weye mwenyewe. Kama makaratasi inakatala tena, bulongo itangojea, inajua kungojea. Mimi kambo yako, sijue kama nitaweza.

Salimia Sephora, muambie apunguze pilipili ya David. Mujomba Lucien anakusalimia, na hasira yake. Benita anakusalimia, na Guelor pia, na haya yake. Mungu alinde njia yako ya kwenda kazi na njia yako ya kurudia kwetu.

Ni mimi kambo yako, anayekupenda hata mu kukugombeza,

Adolphine