Rimoti Iko kwa Mama

Baba watoto,

Barua yako imefika. Sisi tupo. Tope tumeshalitoa, na ukuta wa sebuleni unakauka, ila harufu haijatoka.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka kwenye ile semina ya mafuriko ukatupanga sebuleni kama askari? Watoto wabebe maji na tochi, mimi begi la dawa, na wewe umbebe mama yako kwa sababu ya miguu yake. Ukafanya na mazoezi. Ulimzungusha mgongoni sebule nzima, kakushika masikio, anacheka mpaka machozi.

Siku maji yalipoingia kweli, nilikuona ukitoka umekumbatia televisheni, umeifunika kwa shuka la mama yako. Nikajua umeshamtoa, hiyo umeirudia tu. Mjinga mimi. Aliyemtoa ni jirani yetu fundi wa kuchomelea, aliyesikia ukuta unagongwa. Alimkuta amening'inia dirishani, maji yamemfika kifuani, anaita jina lako.

Leo unaniandikia kutoka kwa kaka yako kwamba utarudi mambo yakitulia, na kwamba kwa sasa nikutumie rimoti.

Rimoti anayo mama. Nilimsomea barua yako yote, sikuruka neno. Akauliza kama picha inaonekana vizuri huko. Nikamwambia sijui.

Akaisukuma rimoti chini ya mto wake. "Mwambie aifuate mwenyewe," akasema. "Yeye miguu anayo."

Ni mimi,
wa begi la dawa.