Maiki Mbili na Mkono wa Festo

Jumatatu, 2 Juni
Magodoro ukutani tena. Bila magodoro chumba changu cha kurekodia hapa Kihesa kina mwangwi kama tangi tupu. Maiki ninazo tatu. Moja ndani ya ngoma ya mguu, mbili juu, umbali sawa kutoka kwenye sneya, ile ngoma ndogo ya katikati. Nimepima kwa kamba. Umbali ukipishana, mlio unakonda.

Kaka Festo alikuja kuangalia. Mkono wa kulia kauficha ndani ya koti. Uvimbe umekua. Saratani ya mfupa. Tarehe kumi na moja wanaukata mkono, Mbeya. Kabla ya hapo anataka wimbo mmoja. Amepiga dramu kanisani tangu yuko sekondari, hajawahi kurekodiwa.

Jumatano, 4 Juni
Mama kanigombeza. "Huo mfupa ukivunjika, utauunga wewe?" Daktari alikataza vitu vizito. Vijiti vya dramu si vizito. Najidanganya.

Alhamisi, 5 Juni
Maiki moja ya juu imekufa. Inakoroma tu. Nimebadilisha waya, bado. Nimebaki na mbili. Ya ngoma ya mguu sikuigusa. Hii nyingine imenisumbua: nikiiweka juu, matoazi yanameza kila kitu. Mwisho nimeishusha nyuma ya bega la kulia la Kaka, ikitazama sneya. Hapo ikatulia.

Kaka kaanza, kakosea. Karudia. Katikati kasimama, kainama, katapika kwa maumivu. Nikasema basi.

"Usizime, mdogo wangu. Kesho sijui kama nitaweza kushika."

Nikazima. Akachukua koti lake, akaondoka. Nina hasira, sijui na nani.

Ijumaa, 6 Juni
Alikuja mwenyewe, mapema. Kapiga wimbo mzima. Ubeti wa mwisho mkono wa kulia ulilegea, wa kushoto ukabeba kazi. Nilikuwa nalia huku nachunga sauti ya ngoma isipasuke. Alipomaliza hakuweza kufungua vidole. Nilivifungua mimi, kimoja kimoja.

Mama alikuwa mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Alimvalisha koti kama mtoto, wakaenda nyumbani.

Jumatano, 11 Juni
Mbeya. Baridi ya kukata. Wamemwingiza asubuhi. Mama anasali kwa Kihehe, chini chini. Mimi nimeshindwa.

Katolewa mchana. Upande wa kulia shuka limelala bapa. Alipozinduka akalalamika vidole vinamuuma. Vya kulia. Mama akatoka nje.

Jumamosi, 28 Juni
Tumesharudi Kihesa, Kaka na Mama wanakaa kwangu. Kaka hataki kuusikia wimbo. Nilimuuliza mara moja, sitamuuliza tena. Nilidhani utamfariji. Hapana. Anashinda kitandani, kageukia ukuta. Kulishwa hataki, na kijiko cha kushoto kinamwaga.

Leo mchana nilikuwa naanika nguo. Nikasikia ngoma ya mguu. Taratibu, inasimama, inaanza tena. Nikachungulia dirisha la chumba cha kurekodia. Kakaa kwenye kiti cha dramu, mkono wa shati umekunjwa kwa pini, mguu unapiga. Macho kafumba.

Sikuingia. Ugali ulikuwa umeshaiva. Nilimwambia Mama asimwite kwanza.