Maji Yametangulia Uchungu

Jumatatu, 12 Mei 2025

Chupa ya uzazi ya Jémima imepasuka asubuhi, akifagia uani. Mimba ya binti yangu imetimia, mtoto wa kwanza. Maji mpaka kwenye sandali. Uchungu – hakuna. Alinipigia simu akicheka. Nimefika kwa pikipiki, vumbi kwenye meno, nikijua tunaenda maternite, hospitali ya uzazi, moja kwa moja.

Hapana! Mama Fidélie, mama mkwe wake, ameweka kiti mlangoni na kukikalia. Kwao, maji yakitoka kabla ya uchungu, njia imefungwa na jambo lililofichwa. Mwanamke ataje kwanza mwanaume aliyelala naye nje. Asipotaja, mtoto hafiki. Amesema haya kwa upole kabisa, akichambua matembele.

Jémima amesema hana wa kumtaja. Akajibiwa kwamba wote husema hivyo mwanzoni.

Nimelipuka. Chupa ikishapasuka, vijidudu vina njia ya kumfikia mtoto, na kila saa ni hasara. Nimesema vizuri – majirani wamekuja kusikiliza. Wanasheria wa makampuni ya migodi nimewanyamazisha kwenye kipindi changu cha redio, lakini huyu na matembele yake, wapi!

“Maneno yako ya redio iko mazuri, mama ya Jémima,” amesema. “Lakini haizalishake mutoto.”

Majirani wamecheka. Wajinga.

Nimempigia mkunga Wivine. Aje leo hii, amesema. Asiingizwe kidole wala dawa ya majani. Tutazame rangi ya maji, tupime joto. Uchungu usipoanza wenyewe, watauanzisha.

Nimemshika Jémima mkono tuondoke. Hakusogea. “Nikienda hivi, na mutoto akipata shida, batasema ni mi nilimuua.”

Nimeshindwa na mwanangu mwenyewe. Nimekasirika hata sijui nimkasirikie nani.

Jumanne, 13 Mei

Bado maji, bado hakuna uchungu. Mama Fidélie ameleta beseni la maji ya majani, Jémima akalie. Nimelimwaga. Tumetukanana mpaka mbwa wa jirani akajificha. Maji kwenye kitambaa ni meupe. Paji la uso lina joto – au ni mkono wangu?

Kisha nikakumbuka. Vitabu vya desturi zao nimesoma vingi, vingine ili nivitukane tu. Desturi hiyo hiyo inamdai na mume ataje mwanamke wake wa nje! Nimemuuliza Mama Fidélie mbele ya majirani: ni kweli au si kweli? Ni kweli, amesema, bila raha. Basi Dady, mume wa Jémima, apigiwe. Yuko Dilolo, anafuata bidhaa za mpakani.

Nimeweka simu kwenye spika, uani, katikati ya wote. Mama yake amemuuliza mwenyewe.

Nilisogeza simu karibu na mlango, nikidhani mtandao umekatika.

“Mama,” Dady akasema, “Jémima iko anasikia?”

Mama yake akarudia swali. Akataja jina. Mignonne, wa Dilolo.

Mama Fidélie akainuka, akaondoa kiti mlangoni. Njia imefunguka, amesema, twendeni. Ameshuka ngazi kama mtu aliyezeeka papo hapo.

Nimemshinda kwa silaha yake! Nilitaka kuwatazama majirani usoni, mmoja mmoja. Kisha nikamtazama Jémima.

Mchana, maternite

Homa ipo. Maji sasa ni ya kijani – mtoto anachoka, amesema Wivine. Ametundika serumu, dripu ya kuanzisha uchungu, na kumpa antibiotiki. Ametuuliza kwa nini hatukuja jana. Mama Fidélie na mimi tumefungua midomo pamoja, kila mmoja kumtaja mwenzake.

“Ungemuuliza pembeni, mama,” Jémima ameniambia. “Si mbele ya batu.”

Nilikuwa na majibu. Mazuri.

Uchungu umeanza. Ametafuta mkono wa kushika, ameupita wangu, ameshika wa Mama Fidélie. Wivine anasikiliza moyo wa mtoto, anasogeza chombo, anasikiliza tena. Amemwita daktari. Tumeambiwa mmoja wetu atoke, na Jémima amenitazama mimi, bila kuuachia mkono wa Mama Fidélie. Naandika haya nje, kwenye korido.