Mkawasi Ananisikiliza

Jumanne, Voi

Kumbe ushauri nasaha wa bure pale kliniki ya chuo hutolewa na wanafunzi wanaojifunza kazi. Na nani akanifungulia mlango? Mkawasi, niliyemfundisha darasa la nne kule Mwanda. Akanitambua mara moja.

"Mwalimu, nikutafutie mtu mwingine?"

Nusura niseme ndiyo. Nitamwambiaje mtoto niliyemfunza kusoma kwamba tangu nimzike mzee wangu, mume wangu, silali?

"Keti, Mkawasi," nikasema, kana kwamba ofisi ni yangu.

Nilipomwambia, akaniuliza mzee alikuwa mtu wa aina gani. Nikaeleza hadi nikalia, kisha nikacheka, naye akasikiliza tu.

Darasani huyu hakuweza kunyamaza dakika mbili. Wiki ijayo nitarudi.